Kelin: mimba za utotoni zinazoanza na harusi

Ukitaja mimba za utotoni, picha inayomjia mtu haraka ni ya mwanafunzi aliyepewa mimba, kijana aliyeikana, na jina lililofutwa kwenye daftari la shule. Beba picha hiyo hadi Şanlıurfa huko Uturuki, Lankaran huko Azerbaijan, Osh huko Kyrgyzstan au Bonde la Fergana katika Asia ya Kati na itakupoteza njia. Katika nchi za lugha za jamii ya Kituruki, yaani Uturuki, Azerbaijan, Kazakhstan, Kyrgyzstan, Uzbekistan na Turkmenistan, mabinti wengi wanaozaa kabla ya kutimiza miaka 20 wameshaolewa. Harusi imetangulia, wageni wamekula na kuondoka, na mimba ikija miezi mitatu baadaye haiitwi tatizo. Ni habari njema, na mama mkwe ndiye wa kwanza kuitangaza.

Kwa hiyo anayetaka kuielewa mimba hiyo aanze na harusi, hasa na neno moja ambalo lugha zote hizi zinalo: gelin kwa Kituruki na Kiturkmeni, gəlin kwa Kiazerbaijani, kelin kwa Kikazaki, Kikirigizi na Kiuzbeki. Maana yake ni bi harusi, na pia mkamwana. Neno lenyewe linahusishwa na kitenzi gel- au kel-, kuja. Yeye ni "aliyekuja", na mgeni huyo haji kukaa bila kazi. Kwenye nyumba ya kijijini huko Uzbekistan au kusini mwa Kazakhstan, kelin mpya anatarajiwa kuamka kabla ya wengine, kufagia ua, kumimina chai na kula mwishoni. Asubuhi baada ya harusi ya Kiuzbeki kuna kelin salom, ambapo huwainamia wakwe na jamaa wa mume mmoja mmoja. Kinachoibadilisha nafasi yake ndani ya nyumba hiyo ni mtoto. Mume naye hana sauti kubwa mbele ya mama yake, kwa hiyo mtoto wa kwanza ndiye cheo chake cha kwanza. Ukimwambia binti wa miaka 18 aliye katika hali hiyo "subiri miaka miwili", unamwomba akae chini ya ngazi miaka miwili zaidi. Hesabu yake haina ujinga wowote ndani yake.

Kabla ya kwenda mbali, tuseme jambo kuhusu takwimu, maana ndipo watu wengi wanapoteleza. Kipimo kinachotumika zaidi ni idadi ya watoto waliozaliwa na wasichana wa miaka 15 hadi 19 kwa kila wasichana 1,000 wa umri huo katika mwaka mmoja. Tuseme wilaya ina wasichana 4,000 wa rika hilo na wamezaa watoto 60: 60 gawanya kwa 4,000, zidisha kwa 1,000, unapata 15. Lakini kati ya hao 60, huenda 45 walikuwa na miaka 18 au 19, watu wazima kisheria wenye cheti cha ndoa. Wilaya ya pili ikiwa na 15 ileile, lakini nusu wakiwa na miaka 16, ina tatizo jingine kabisa. Kipimo kimoja kinazificha wilaya zote mbili. Ukipewa namba ya nchi yoyote kati ya hizi, swali la kwanza liwe: wangapi walikuwa chini ya 18? La pili: namba imetoka kwenye daftari la vizazi au kwenye utafiti wa kaya? Utafiti wa kaya huwauliza wanawake wa miaka 20 hadi 24 kama walizaa kabla ya 18. Unawakamata hata wale ambao daftari liliwakosa, ila unakueleza ya miaka kadhaa iliyopita, wala si ya leo.

Na daftari hukosa kwa njia zinazojulikana. Binti wa miaka 16 aliyeozwa na imamu hana ndoa mbele ya serikali. Mtoto wake anaandikwa kama wa mama asiyeolewa, au familia inachelewa kumwandikisha mpaka mama afike umri. Mchambuzi aliye mbali anaona "uzazi nje ya ndoa" na kuandika ripoti kuhusu vijana kuiga mambo ya kigeni, kumbe kijiji kizima kilihudhuria harusi. Uturuki kulikuwa na ujanja wa kinyume: wazazi kwenda mahakamani kudai binti yao aliandikishwa akiwa amekwisha kukua, ili umri uongezwe kwenye kumbukumbu. Kesi hizo zina jina lake, yaş büyütme, na mahakama huomba picha ya eksirei ya mifupa kukadiria umri. Mifupa hiyo haina usahihi wa mwezi. Kosa la mwaka mmoja au zaidi ni la kawaida, na mwaka mmoja ndio unaotofautisha ndoa halali na kosa la jinai.

Sheria zenyewe zimepanda. Kanuni ya Kiraia ya Uturuki, iliyoanza kutumika Januari 2002, inataka miaka 17 iwe imetimia, na hakimu anaweza kuruhusu 16 kwa hali ya pekee. Azerbaijan iliwapandisha wasichana kutoka 17 hadi 18 mwaka 2011. Uzbekistan ilifanya hivyo 2019. Kyrgyzstan mwaka 2016 ilikwenda hatua zaidi: ikaifanya ndoa ya kidini ya mtoto kuwa jinai, kifungo cha miaka 3 hadi 6, kwa wazazi waliopanga na kwa aliyefungisha pia. Hiyo ya Kyrgyzstan ndiyo naiona iligusa mahali panapouma, kwa sababu iliufuata mlango ambao watu hupitia kweli. Kupandisha umri wa ofisi ya msajili peke yake ni kuhamisha harusi kutoka ofisini kwenda sebuleni. Nikâh, kəbin, nike, nikoh: majina manne ya ndoa ya kidini, kazi moja, na haihitaji muhuri. Uzbekistan iliwataka maimamu waone cheti cha serikali kabla ya kufungisha. Uturuki ikaelekea upande mwingine. Mwaka 2015 Mahakama ya Katiba iliifuta adhabu ya kufungisha ndoa ya kidini kabla ya ile ya serikali, na 2017 mamufti wakapewa mamlaka ya kufungisha ndoa za kiserikali.

Kisha kuna kipengele ambacho huwa kinanikera kila ninapokisoma. Kanuni ya ndoa na familia ya Kazakhstan ya 2011 iliweka miaka 18, ikaruhusu umri huo upunguzwe kwa miaka isiyozidi miwili, na sababu zilizotajwa ni ujauzito au mtoto aliyekwisha kuzaliwa. Marekebisho ya Uzbekistan ya 2019 nayo yaliacha mlango wa mwaka mmoja kwa sababu za namna hiyohiyo. Aliyeandika alidhani anamsitiri binti. Matokeo yake, mimba inakuwa hati ya kuombea ndoa. Familia inayotaka kuoza mtoto wa 16 inajua ni karatasi gani itafungua mlango, na karatasi hiyo inatoka kliniki ya wajawazito.

Utekaji wa wasichana kwa ajili ya ndoa, ala kachuu kwa Wakirigizi na alyp kashu kwa Wakazaki, huchukua nafasi kubwa katika habari kuliko katika hesabu, ingawa madhara yake ni mazito. Kyrgyzstan ilipandisha adhabu 2013 hadi kifungo cha miaka 7, na 10 kwa anayemteka msichana mdogo. Kazakhstan ilingoja hadi 2025 kuiandika ndoa ya kulazimisha kama kosa linalojitegemea, adhabu ikifika miaka 10. Kinachomzuia msichana kurudi kwao siku ya pili ni uyat, aibu. Akishalala chini ya paa lile, hata kama hakuguswa, watu wa nyumbani kwao huanza kuuliza nani atamwoa. Uyat ni neno la Kikazaki, Kikirigizi na Kiuzbeki; Kituruki kina ayıp na Kiazerbaijani ayıb. Linalofuata baada yake ni swali moja katika lugha zote, el ne der, watu watasemaje.

Pesa sasa. Umaskini unasukuma ndoa za mapema, hilo kila mtu analisema, lakini njia unazopitia ni za kufuatwa moja moja. Mahari ya dini, mehir, ni haki ya bi harusi mwenyewe. Kinachokwenda kwa wazazi ni kitu kingine: başlık kwa Waturuki wa mashariki, qalin au kalym kwa upande wa Asia ya Kati. Kwa familia yenye deni na mabinti watatu, malipo hayo yana mwezi na tarehe. Upande wa pili wa mizani kuna çeyiz, cehiz, sep, vitu anavyokwenda navyo bi harusi, kuanzia magodoro na mapazia hadi vyombo vya jikoni, na orodha hurefuka kadiri binti anavyokua. Kwa hiyo kuna familia zinazooza mapema ili kupata, na nyingine ili kupunguza gharama, na zote zinaitwa maskini kwenye jedwali moja. Kusini-mashariki mwa Uturuki kuna berdel, ambapo nyumba mbili hubadilishana mabinti na hakuna anayelipa. Ubaya wa berdel ni kwamba ndoa moja ikivunjika, ya pili hutikiswa kulipiza. Basi binti aliyeolewa na miaka 16 habebi ndoa yake tu, anabeba na ya wifi yake. Uzbekistan iliona gharama za harusi zimezidi kiasi cha kuweka ukomo wa wageni 200. Sina hakika kama ukomo wa wageni umemgusa binti yeyote wa 17, ila unaonyesha ukubwa wa mzigo.

Uhamiaji wa kazi ni njia nyingine. Kutoka Osh, Jalal-Abad na Bonde la Fergana, wazazi huenda Urusi na kuacha watoto kwa bibi. Bibi anayelea msichana wa miaka 16, huku mama yuko Moscow, anaishi na hofu ya kulaumiwa likitokea jambo. Kumwoza ni kukabidhi dhamana. Vijana wa kiume nao husafiri. Wazazi wao hutaka kijana aoe kabla ya kuondoka ili nyumbani pabaki mikono ya kazi, na mikono hiyo ni ya kelin.

Shule ndiyo breki inayoonekana wazi kuliko zote. Uturuki ina ushahidi mzuri: mwaka 1997 elimu ya lazima iliongezwa kutoka miaka 5 hadi 8, na wachumi waliolinganisha mabinti waliozaliwa kabla na baada ya mstari huo walikuta ndoa na uzazi wa mapema umepungua kwa waliobaki darasani. Takwimu za taifa zinasema uzazi wa miaka 15 hadi 19 ulikuwa 49 kwa 1,000 mwaka 2001, ukafika 11 mwaka 2023. Anguko hilo lote si kazi ya shule peke yake. Uzazi wa Uturuki kwa jumla uliporomoka, kutoka watoto 2.38 kwa mwanamke hadi 1.51 katika kipindi hichohicho, na watu walihamia mijini. Hata hivyo, 49 kushuka hadi 11 ni zaidi ya kufuata mkumbo.

Breki hiyo ina mahali inapoteleza. Azerbaijan, elimu ya lazima huishia darasa la 9, mwanafunzi akiwa na miaka 15 hivi. Pengo kati ya hapo na miaka 18 ndilo dirisha la wachumba. Uturuki ilifika miaka 12 ya lazima mwaka 2012, lakini minne ya mwisho inaweza kusomwa kwa elimu huria bila kukanyaga darasa. Kanuni za sekondari za 2013 zikaamuru anayeolewa akiwa mwanafunzi aondolewe shuleni na kuhamishiwa huko. Kwenye mfumo wa kompyuta bado ni mwanafunzi, anahesabiwa kuwa anasoma. Mwili wake uko jikoni kwa mama mkwe. Anayepima mafanikio kwa idadi ya walioandikishwa hatamwona.

Ndani ya wastani wa Uturuki kuna shimo jingine. Utafiti wa kitaifa wa 2018 uliwahoji wakimbizi wa Syria kando, na ukakuta karibu wasichana 4 kati ya kila 10 wa miaka 15 hadi 19 wameshazaa au wana mimba. Kwa wenyeji ilikuwa chini ya 1 kati ya 20. Nyumba hizo zilikuwa zimepoteza mali, baba hana kibali cha kazi, na chumba kimoja kinalala watu wanane. Wazazi wengi huieleza ndoa ya binti kama ulinzi. Ndoa yenyewe ikiwa chini ya umri haisajiliki, kwa hiyo akiachwa hana cha kudai.

Sasa uzazi wa mpango, ambao kwenye nchi hizi una sura yake. Asia ya Kati ilirithi kutoka enzi ya Kisovieti upendeleo mkubwa kwa kitanzi. Muuguzi wa zahanati anakijua, kipo, na hakihitaji kukumbukwa kila siku. Lakini desturi ni kukiweka baada ya mtoto wa kwanza. Bi harusi ambaye hajazaa haletwi kabisa kwenye chumba hicho, na vidonge vinaogopwa kwamba vitaleta utasa, hofu isiyo na msingi ila yenye nguvu mahali ambapo cheo ni mtoto. Uturuki na Azerbaijan, njia ya mume kuchomoa kabla bado inategemewa na wengi. Hiyo humwachia mume uamuzi wote, na kwa wanandoa wapya inashindwa mara nyingi. Wote hawa hubaki bila kinga ya kweli katika miezi 12 ya kwanza ya ndoa, miezi ileile ambayo mwili wa binti wa 17 ungefaidika nayo zaidi.

Kwa asiyeolewa mambo ni mengine, na hapa Kazakhstan ndiyo mfano wa karibu: mwanafunzi wa chuo, bweni la Almaty, mimba inayofichwa kwa koti la baridi mpaka mwezi wa tano. Utoaji mimba kwa hiari unaruhusiwa hadi wiki 12 huko, kama ilivyo Azerbaijan, Kyrgyzstan na Uzbekistan. Uturuki ni wiki 10 tangu 1983. Turkmenistan iliibana hadi wiki 5, muda ambao wengi hawajajua hata kama wana mimba. Kanuni ya afya ya Kazakhstan ya 2020 ilimruhusu mwenye miaka 16 kuridhia matibabu mwenyewe, isipokuwa upasuaji na kutoa mimba. Yaani kidonge cha kuzuia atapewa peke yake, lakini mambo yakiharibika lazima mzazi atie saini, na mzazi ndiye aliyekuwa anafichwa. Wiki zinakwenda. Uturuki kuna mtego wa kuripoti: mhudumu wa afya anayeona dalili za kosa dhidi ya mtoto lazima aarifu mamlaka. Mwanzoni mwa 2018 ilifichuka kwamba hospitali moja ya Istanbul ilipokea wasichana 115 wajawazito walio chini ya umri ndani ya miezi mitano bila kuripoti ipasavyo, 39 kati yao Wasyria. Hasira ilikuwa ya haki. Lakini familia nyingine zilisoma habari hiyo kama onyo la kutompeleka binti hospitali, na watoa huduma wanaolijua hilo hutenganisha mambo mawili: kwanza presha na damu, halafu maswali.

Maana hatari ya kiafya inapimika. Mama aliye chini ya 20 ana uwezekano mkubwa zaidi wa kifafa cha mimba, maambukizi ya kizazi baada ya kujifungua, na mtoto njiti au mwenye uzito mdogo. Mahudhurio ya kwanza yafanyike kabla ya wiki 12. Himoglobini ikiwa chini ya gramu 110 kwa lita mwanzoni mwa ujauzito, huo ni upungufu wa damu, na mabinti wengi wa vijijini Asia ya Kati huanza nao, chai nyingi na mlo ikizuia madini ya chuma kufyonzwa. Kinga ni miligramu 30 hadi 60 za chuma na mikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku, zisinywewe pamoja na chai. Baada ya wiki 20, presha ya 140/90 au zaidi ipimwe tena siku hiyohiyo na mkojo uangaliwe protini. Kichwa kuuma kusikoisha na macho kuona vimulimuli si uchovu wa kazi za nyumbani, ingawa mama mkwe atasema hivyo.

Na mama mkwe yupo chumbani, hilo ndilo kosa la kawaida kuliko yote. Kelin analetwa, mkubwa anajibu maswali kwa niaba yake, muuguzi anaandika. Wanaojua kazi hii humtoa kelin kwa sababu isiyoudhi, kama kupima uzito chumba cha pili au kuchukua mkojo, na hapo ndipo huuliza: umri wako halisi, ndoa imesajiliwa, umekula nini jana, nani anakupiga. Dakika nne zinatosha. Wauguzi wanaotembelea nyumba, patronazh, mfumo ambao Kazakhstan na Uzbekistan bado wanao, hufanikiwa zaidi wakianza na mama mkwe mwenyewe: wampe yeye jukumu la kuhesabu vidonge vya damu, kwa sababu atahesabu kweli.

Mahudhurio baada ya kujifungua ndiyo yanayopuuzwa, hasa pale mume anapokuwa Urusi. Kitanzi kinaweza kuwekwa ndani ya saa 48 za kujifungua au kuanzia wiki ya 4. Kumnyonyesha mtoto maziwa ya mama pekee kunakinga dhidi ya mimba kwa miezi 6, mradi hedhi haijarudi. Binti wa 18 ambaye mume wake ameondoka mwezi wa tatu huambiwa hahitaji njia yoyote kwa sasa, jambo linaloonekana la busara. Mume hurudi msimu wa ujenzi ukiisha, barafu ikianza, mtoto ana miezi tisa, na zahanati iko kilomita kadhaa nyuma ya theluji. Muuguzi aliyeuliza mapema "anarudi lini?" na kuandika mwezi huo kwenye kadi ndiye anayejua wiki ya kupita nyumba ile.